"Presha ni ya ukoo wetu": kauli niliyoisikia kwenye misiba mitatu ya nyumbani

#1 MwalimuMindu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, anayesoma asome kwa nafasi yake.

Mwaka 1998 tulimzika babu. Aliamka alfajiri mdomo umepinda, mkono wa kulia hauna nguvu, siku ya nne akatutoka. Mwaka 2009 akafuata baba, miaka 54. Alikuwa anashusha magunia ya viazi, akashika kifua, akakaa chini, hospitali hakuifikia. Mwaka 2021 akaondoka baba mdogo, figo zikiwa zimeharibiwa na presha. Misiba yote mitatu ilikuwa nyumbani kwetu Lushoto, na katika yote mitatu nilimsikia shangazi yetu mkubwa akiwaambia waombolezaji neno lilelile: "Presha ni ya ukoo wetu. Tumezaliwa nayo." Watu wakaitikia, mazungumzo yakahamia kwenye kaburi na sufuria za chakula.

Mimi nafundisha baiolojia sekondari, Morogoro. Kila mwaka nachora kromosomu ubaoni, nawaeleza wanafunzi nusu ya baba na nusu ya mama. Bado kauli ya shangazi niliibeba bila kuihoji mpaka Machi mwaka jana. Alikuja muuguzi shuleni kwa zoezi la upimaji, tukapanga foleni ofisini kwa walimu. Yangu ikasoma 156/98. Nina miaka 38. Akasubiri dakika tano, akarudia: 152/96.

Nikamwambia, "Sishangai, dada, hii kwetu ni ya ukoo." Hakubishana. Ilikuwa saa nne, chai imeletwa na mihogo ya kukaanga. Nikavuta kikopo cha chumvi, nikanyunyiza juu ya mihogo kabla sijaonja hata kipande kimoja. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, na hiyo nayo ni ya ukoo?"

Ni ya ukoo. Hilo ndilo lililoninyima usingizi usiku ule. Kwetu kopo la chumvi lilikaa upande wa kulia wa baba, juu ya mkeka. Alikuwa akichota kwa ncha za vidole vitatu, anazungusha mkono juu ya bakuli la mboga, halafu ndipo anaonja. Mama alishaweka chumvi jikoni. Babu alikuwa akifanya vilevile, vidole vitatu, mzunguko uleule. Mimi sikufundishwa na mtu, nilitazama tu. Kwa baba nilirithi damu yake, na nikarithi mkono wake pia. Vyote viwili kwetu tunaviita "damu", ndiyo maana hatujawahi kukigusa hata kimoja.

Sasa kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja, miaka 44. Hakuondoka Lushoto. Shamba lake liko bondeni na nyumba iko juu. Anapanda na kushuka mara mbili kwa siku, mara nyingi na kabichi kichwani. Anakula maharage, mboga za majani, mapapai na mapeasi. Nilimpima mwenyewe siku tatu tofauti likizo ya Juni: 122/78, 124/80, 120/78. Najua ndugu wa tumbo moja hawalingani jeni zote, tunagawana takriban nusu, kwa hiyo kaka peke yake si ushahidi. Lakini alinifanya nianze kusoma.

Nikakutana na utafiti wa Waluo wa Kenya. Uliongozwa na Neil Poulter, ukachapishwa mwaka 1990 kwenye jarida la madaktari la BMJ. Waliwafuata watu waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Ndani ya miezi michache tu presha ya waliohamia ilikuwa juu kuliko ya waliobaki. Mkojo wao ulionyesha sodiamu imekuwa nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu, uzito umeongezeka, na mapigo ya moyo yanakwenda kasi zaidi. Kabila moja, koo zilezile, mababu walewale. Jeni za mtu hazibadiliki ndani ya basi la kwenda Nairobi.

Msinielewe kwamba jeni hazina kazi. Zina kazi kubwa, na naomba nieleze kama ninavyoieleza darasani. Figo ndizo zinazoamua chumvi gani irudi mwilini na ipi itoke na mkojo. Zipo jeni zinazofanya figo zing'ang'anie chumvi, na chumvi ikibaki inavuta maji, maji yanajaza mishipa, presha inapanda. Mtu mwenye jeni hizo akiishi mahali ambapo chumvi ni kidogo, figo zake hazina cha kung'ang'ania. Mpeleke penye chipsi, supu ya viungo vya pakiti na kikopo mezani, jeni ileile inaanza kumuua polepole. Mwenzake asiye nayo atakula vilevile na asione kitu kwa miaka mingi. Kwa hiyo shangazi ana haki kusema tumezaliwa nayo, ila tulichozaliwa nacho kilikuwa kinasubiri chumvi.

Utafiti ulionishika kuliko yote ulitoka mwaka 2016, wa Amit Khera, Sekar Kathiresan na wenzao huko Marekani. Walichukua watu 55,685 kutoka tafiti nne kubwa, wakahesabu kwa kila mtu vipande 50 vya DNA vinavyojulikana kuongeza hatari ya mishipa ya moyo kuziba. Waliokuwa na mzigo mkubwa wa jeni walikuwa na hatari ya juu kwa asilimia 91 kuliko wenye mzigo mdogo. Hapo shangazi angesema "mmeona?" Lakini wakaangalia na mambo manne ya maisha: kutovuta sigara, kutokuwa na unene uliopindukia, kufanya mazoezi angalau mara moja kwa wiki, na kula vizuri. Wenye jeni mbaya waliokuwa na angalau matatu kati ya hayo manne walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 46 kuliko wenye jeni mbaya walioishi vibaya.

Katika mojawapo ya tafiti hizo, kwa miaka kumi, watu 10.7 kati ya 100 wenye jeni mbaya na maisha mabaya walipata tatizo la mishipa ya moyo. Wenye jeni mbaya na maisha mazuri, 5.1. Na wenye jeni nzuri walioishi vibaya? 5.8. Yaani aliyezaliwa na bahati akaichezea alifikia palepale, hata kupita kidogo, kuliko aliyezaliwa na mzigo akajitunza. Nilisoma namba hizo jikoni, mke wangu anaosha vyombo, nikamsomea kwa sauti mara mbili.

Nataka kusikia kutoka kwenu. Kwenu ni nini kinachoitwa "cha ukoo"?

#2 Binti_Pangani

Mwalimu umenigusa. Kwetu ni sukari na moyo pamoja. Bibi, mama, mama mkubwa. Nimekumbuka sasa hivi kwamba chai ya kwetu glasi moja ni vijiko vinne vya sukari, na mtoto wa miaka mitatu anapewa ileile. Sijawahi kuiunganisha na kitu chochote. Nafuatilia.

#3 Mzee_wa_Kilwa

Mimi naheshimu elimu, lakini babu yangu alivuta sigara tangu ujana, kali, zisizo na kichungi, akafa na miaka 91 kwa kuanguka kutoka kwenye mwembe. Jirani yake hakuvuta, hakunywa, aliondoka na 50. Sasa haya maisha mazuri yanasaidia nini? Siku ikifika imefika.

#4 MwalimuMindu

Mzee wangu, shikamoo. Babu yako namwamini kabisa, na watu kama yeye wapo kila kijiji. Yawezekana alizaliwa na kinga ambayo wengi wetu hatuna. Ila sigara haiiheshimu hata kinga hiyo. Mwaka 2017 Danish Saleheen na wenzake walichunguza watu zaidi ya 140,000 wakaangalia sehemu moja ya DNA iliyo karibu na jeni inayoitwa ADAMTS7. Kuna aina ya kipande hicho ambayo inamlinda mtu. Kwa wasiovuta, ilipunguza hatari ya mishipa ya moyo kwa asilimia 12. Kwa wavutaji, ikapunguza kwa asilimia 5 tu. Mtu amezaliwa na ngao, sigara ikaikata zaidi ya nusu.

Na jambo jingine, mzee. Babu aliyefika 91 tunamwona, anasimulia. Wavutaji wenzake waliokufa na 48 hawapo kwenye baraza kusimulia.

Hilo la siku kufika mimi pia naliamini. Lakini baba yangu alibaki na watoto wa shule ya msingi wawili, na mwaka mzima kabla ya kifo alilalamika kifua kinabana akipanda mlima. Tulimpa tangawizi.

#5 Mzee_wa_Kilwa

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye tangawizi nimenyamaza. Mungu amrehemu.

#6 NyarSiaya

Habari zenu, mimi ni wa upande wa Kenya, naandikia Nairobi. Huo utafiti wa Waluo ni sisi kabisa, hata kama mimi nilikuja mjini miaka mingi baadaye. Nyumbani tulikuwa tunakula mboga za kienyeji, osuga, dek, apoth, na samaki aliyekaushwa. Chumvi ilikuwepo lakini ilinunuliwa kidogo kidogo. Shule ilikuwa kilomita nne kwenda, nne kurudi. Nilipofika Nairobi nikapata kazi ya kuketi kwa kaunta saa kumi kwa siku. Lunch ni chipo na soseji kwa sababu ndiyo ya haraka na ya bei ya chini karibu na stage. Nikaongeza kilo kumi na moja miaka miwili ya kwanza. Mama yangu aliona picha akafurahi, akasema mji umenikubali.

Hapo ndipo shida iko. Kwetu kunenepa ni habari njema. Ukipungua watu wanakuuliza kama u mgonjwa.

Sasa natembea kutoka kazini, dakika 40, na mboga za kienyeji hata Nairobi zinapatikana, mama mboga wa mtaa wetu ananiwekea managu kila Jumanne na Ijumaa. Presha haijakuwa kama ya nyumbani, lakini daktari hajaniongezea dawa mwaka wa pili huu.

#7 Olaiser

Swali. Sisi Wamasai tunakula nyama, tunakunywa maziwa, mafuta ya ng'ombe ndiyo dawa na ndiyo chakula. Wazee wetu hawakujua ugonjwa wa moyo. Hizi si jeni?

#8 MwalimuMindu

Ndugu Olaiser, swali lako liliwahi kumleta daktari Mmarekani, George Mann, mpaka huku miaka ya 1960. Alishangaa: chakula ni maziwa na nyama, kolesteroli kwenye damu iko chini. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokuwa wamefariki. Walichokikuta ndicho kinachofundisha. Mafuta kwenye kuta za mishipa yalikuwemo, tena si haba. Ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyosogea, damu ikawa inapita. Mann aliamini ni kutembea: mwanamume wa Kimasai wa wakati ule alikuwa mguuni kutwa nzima, kila siku, tangu utotoni.

Yawezekana na jeni zilichangia, siwezi kuzitoa. Lakini kijana wa Kimasai wa leo anayelinda geti Dar amekaa kwenye kiti cha plastiki saa kumi na mbili, soda pembeni. Jeni za wazee anazo zote. Ile miguu ya wazee hana.

Jirani zenu Wahadzabe pale Ziwa Eyasi walipimwa pia, ripoti ikatoka 2017. Walivaa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, ikaonekana kwa wastani wanafanya kazi ya kuwatoa jasho dakika 135 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linatuomba sisi dakika 150 kwa wiki.

#9 Dada_Mbezi

Mwalimu, uzi mzuri, lakini naona kama wembamba tumesahaulika. Nina miaka 31, kilo 54. Sivuti, sinywi, nyama nakula kwa nadra. Nilipima damu kwa ajili ya bima, LDL, ile kolesteroli mbaya, ikatoka 7.2 mmol/L. Nikaambiwa niache mafuta. Nimeacha miaka miwili, nachemsha kila kitu, nikapima tena: 6.8. Baba yangu alifariki na miaka 42, ghafla, ofisini. Baba yake na yeye hakufika 50. Kila mahali naambiwa "punguza vya kukaanga". Nimechoka kulaumiwa kwa chakula ambacho sikuli.

#10 DaktariKijana

Dada, pole. Tafadhali soma hii kwa makini, na kesho uanze safari ya kumwona daktari wa moyo.

Hilo kosa si la chakula chako. LDL ya 4.9 kwenda juu kwa mtu mzima, pamoja na baba aliyekufa ghafla akiwa kijana, ni lazima tufikirie kolesteroli ya kurithi. Iko hivi. Ini lina milango midogo inayodaka LDL kutoka kwenye damu na kuivunja. Michael Brown na Joseph Goldstein ndio waliogundua milango hiyo, wakapewa Nobel mwaka 1985. Aliyerithi jeni moja mbovu kutoka kwa mzazi mmoja ana takriban nusu tu ya milango inayofanya kazi. LDL inazunguka kwenye damu tangu siku ya kuzaliwa, inajipaka kwenye kuta za mishipa. Ukiwa na 31, mishipa yako imekaa na kolesteroli hiyo miaka 31.

Si ugonjwa wa nadra kama wengi wanavyodhani. Duniani ni kama mtu 1 katika kila 250 hadi 300. Kwa Makaburu wa Afrika Kusini, kwa sababu wametokana na wahamiaji wachache wa mwanzo, ni mtu 1 katika kila 70 hadi 100.

Chakula peke yake hakiwezi kujenga milango. Unahitaji dawa za kushusha kolesteroli, zinaitwa statini, na unaweza kuzitumia maisha yote. Kama unapanga kupata ujauzito, mwambie daktari kabla. Angalia pia nyuma ya kisigino, kwenye ile kano nene: ukiona imevimba na kuwa ngumu, mwonyeshe. Na ndugu zako wa tumbo moja wapime wote, kila mmoja ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Watoto wako pia.

Lakini usiache kujitunza ukadhani haina maana. Mwaka 1998 walilinganisha Wachina wenye tatizo hilihili la milango, wanaoishi China na wanaoishi Kanada. Wa Kanada LDL yao ilikuwa juu zaidi na mioyo yao iliathirika zaidi. Ubovu wa jeni ulikuwa uleule, kilichotofautiana ni sahani na mwendo wa maisha. Jeni imekuchukulia nusu ya milango, usiache sigara na kukaa viiongezee mishipa yako mzigo.

#11 Dada_Mbezi

Nimelia. Miaka miwili nimejiona mzembe. Tuko watano, nawapigia simu wote leo.

#12 DaktariKijana

Wapigie. Kuna upande wa pili wa habari hii, na unaanzia kwetu weusi, nauweka hapa kwa sababu unaeleza kwa nini tunasema anza mapema.

Ipo protini inaitwa PCSK9. Kazi yake ni kuivunja ile milango ya ini. Mwaka 2003 familia za Ufaransa zilionekana na PCSK9 iliyozidi ukali, kolesteroli yao iko juu sana. Helen Hobbs na Jonathan Cohen, pale Dallas, wakajiuliza: je, wapo ambao PCSK9 yao haifanyi kazi? Wakawapata, wengi wao Wamarekani weusi. Mwaka 2006 wakatoa matokeo: kati ya weusi waliofuatiliwa miaka 15, asilimia 2.6 walikuwa na jeni hiyo iliyozimika. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28. Hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88.

Angalieni namba hizo mbili. Asilimia 28 haitishi, dawa zetu zinashusha zaidi ya hapo. Lakini mtu akianza dawa na miaka 55 hapati nafuu ya asilimia 88. Wale walikuwa na LDL ndogo tangu tumboni, mishipa yao haikupata nafasi ya kuchafuka. Zimbabwe alipatikana mwanamke kijana aliyerithi nakala mbili za jeni iliyozimika, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. LDL yake ilikuwa 0.4 tu, naye mzima kabisa, amezaa. Kwa njia hiyo wakatengeneza sindano za kuzima PCSK9, zikaidhinishwa mwaka 2015.

Kwa hiyo mtu akisema "nitaanza kujitunza nikifika 50", damu yenye mafuta au yenye presha haisubiri 50. Inahesabu miaka kama mita ya maji.

#13 Kijana_wa_Ndondo

Na wachezaji? Marc-Vivien Foé alikuwa fiti kuliko sisi wote humu. Lyon, Juni 2003, nusu fainali Cameroon na Colombia, ameanguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Mazoezi yalimsaidia nini?

#14 DaktariKijana

Uchunguzi ulionyesha msuli wa moyo wake ulikuwa mnene kupita kawaida. Huo ni ugonjwa tofauti na tunaouzungumzia, na mara nyingi unatokana na jeni moja yenye nguvu sana. Hapo mazoezi makali yanaweza kuwa ndiyo yanayochokoza. Kijana yeyote anayezimia akiwa anakimbia, au mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, apimwe moyo kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na kwa picha ya ultrasaundi kabla ya kurudi uwanjani. Vipimo hivyo vinafanyika JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili na kwenye hospitali kubwa za rufaa.

Na nisisahau watoto. Mtoto mwenye valvu ya moyo mbovu, mara nyingi kwetu chanzo ni maambukizi ya koo ambayo hayakutibiwa, yakazaa homa ya baridi yabisi. Kwa ugonjwa huo usianze kuutafuta ukoo. Mtoto akiumwa koo na homa, mpeleke kituo cha afya.

#15 Msomi_Ughaibuni

Niko Uingereza. Huku kuna vipimo vya DNA unatema mate kwenye kichupa, unatuma kwa posta, unaambiwa hatari yako ya moyo. Nimtumie mama kimoja?

#16 MwalimuMindu

Hela hiyo mnunulie mashine ya kupimia presha ya kuvaa mkononi. Zile hesabu za vipande vingi vya DNA zimetengenezwa zaidi kwa damu za watu wa Ulaya, hata ule utafiti wa 2016 niliousifu juu hapo. Kwa Mwafrika zinakosea zaidi. Ndiyo maana mradi wa utafiti wa jeni za Waafrika, H3Africa, ulianzishwa, ili DNA zetu nazo zisomwe. Wakati kazi ya kuzisoma inaendelea, kipimo kizuri cha jeni tulicho nacho ni kumuuliza shangazi: nani alikufa na umri gani, na alikuwa analalamika nini kabla. Andika kwenye daftari. Baba au kaka aliyeugua moyo kabla ya 55, mama au dada kabla ya 65, hiyo ni taarifa ambayo daktari anaihitaji.

Kipimo kimoja cha damu naweza kukiunga mkono kwa wenye historia nzito: Lp(a). Ni aina ya kolesteroli inayoamuliwa karibu yote na jeni, chakula hakiibadilishi sana, na sisi weusi kwa wastani tunayo zaidi. Unapima mara moja tu maishani. Ikiwa juu, unajua kwamba yale mengine unayoweza kuyashika, presha, sigara, LDL, huna ruhusa ya kuyaachia.

#17 Nesi_Mkongwe

Kwa kuwa mashine imetajwa. Wengi mnapima vibaya halafu mnaogopa au mnafurahi bure. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, miguu yote miwili chini, usikunje nne. Mkono juu ya meza, usawa wa moyo. Usiongee. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda haja ndogo kwanza. Pima mara mbili, asubuhi na jioni, siku kadhaa, andika zote, hata ile usiyoipenda. Presha ya siku moja sokoni si presha yako.

Na aliyeanzishiwa dawa asiache kwa sababu "imeshuka". Imeshuka kwa sababu ya dawa.

#18 Binti_Pangani

Mwalimu, sasa mwenyewe umefanya nini? Tuambie ukweli.

#19 MwalimuMindu

Ukweli, dada.

Cha kwanza tulikihamisha kikopo. Hatukukitupa, tulikiweka juu ya kabati jikoni ili anayetaka asimame, avute stuli, achukue. Wiki mbili za kwanza chakula kilikuwa kama karatasi. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unakwenda wenyewe upande ule, unakuta meza tupu. Mwanangu wa miaka sita akauliza natafuta nini. Wiki ya tano nilikula kwa jirani, nikasikia mboga yake ina chumvi kali, mboga ileile niliyokuwa nikiisifu. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate na ya viungo vya pakiti. Limao, pilipili na kitunguu saumu vilitusaidia sana.

Cha pili natembea kwenda shule, dakika 35. Cha tatu ni matunda na mboga mbichi. Hapo kuna kitu kilichonitia moyo: kipande kibaya cha DNA kinachojulikana zaidi kwa magonjwa ya moyo kiko kwenye kromosomu ya 9, kiligunduliwa 2007. Mwaka 2011 walipoangalia data za INTERHEART, ule utafiti wa Salim Yusuf wa mshtuko wa moyo katika nchi 52, waliona wenye kipande hicho wanaokula mboga mbichi na matunda kwa wingi, hatari yao ilikaribia ya wasio nacho. Tangu hapo kachumbari haikosekani nyumbani.

Na dawa nameza. Kidonge kimoja kila asubuhi, sijaona aibu. Miezi sita ya mwanzo tulijaribu bila dawa, ikashuka hadi 144/92, daktari akasema kwa historia ya kwetu hatusubiri zaidi. Leo asubuhi ilikuwa 128/82.

Watoto wangu wawili wamebeba nusu ya jeni zangu, hilo nimeshawapa na siwezi kulirudisha. Ule mkono wa vidole vitatu bado hawajauona vya kutosha kuushika.

#20 NyarSiaya

Na shangazi? Yule wa misiba. Ulimweleza?

#21 MwalimuMindu

Nilikuwa Lushoto Jumapili hii. Nilimkuta barazani anachambua maharage. Nikamwomba mkono, akacheka, akasema mashine haitamwambia kitu asichokijua, yeye presha amezaliwa nayo. Nikasubiri dakika tano kama Nesi alivyoelekeza, nikapima mara mbili. 172/96. 168/94.

Ana miaka 71. Nikamuuliza mara ya mwisho alipimwa lini. Akaweka ungo chini, akafikiri, akasema hajawahi. Misiba yote mitatu alisema ni ya ukoo, na hajawahi kuvalishwa ule mkanda mkononi hata mara moja.

Alhamisi kaka anampeleka kliniki. Amekubali, ila ameomba tusimwambie mtu wa ukoo mpaka arudi.